Lijamu nene si lazima iwe laini kwa poni mchanga

Poni, yaani farasi wa umbo dogo, anapoanza kufunzwa, wengi humchagulia lijamu (chuma cha mdomoni cha kumwongozea) iliyo nene kuliko zote, wakiamini unene hupunguza maumivu. Kwa mdomo mpana huenda ikawa hivyo. Poni ana mdomo mdogo, ulimi uliojaa na kaakaa la chini. Chuma cha milimita 20 humjaza mdomo hadi ashindwe kumeza mate. Ndipo huachama, hutikisa kichwa au hupitisha ulimi juu ya chuma, kisha huitwa mkaidi! Milimita 14 hivi huwatosha wengi.

Kabla ya yote, daktari wa mifugo akague meno, hasa vile vijino vidogo vilivyo mbele ya magego ya juu. Chuma kikivigonga, poni hukumbuka.

Siku ya kwanza usifunge hatamu. Ingiza kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale pasipo na meno. Akifungua, telezesha chuma bila kugonga meno ya mbele. Kining'inie kiasi cha kugusa pembe za mdomo tu, kwani kikilegea sana ulimi hupita juu yake. Dakika 10 zatosha. Kutafunatafuna mwanzoni si ukaidi, anakizoea.