Je, wajua kwa nini timu mpya huchapwa msimu wake wa kwanza, hata kwenye ligi inayochezwa na kompyuta?

Kwenye ligi ya kompyuta hakuna refa wa kulalamikiwa, hakuna uwanja uliojaa maji, wala mchezaji aliyekesha disko. Kompyuta haijali timu ipi ina miaka mingi na ipi imesajiliwa juzi. Mbona basi timu mpya ikiongezwa kwenye ligi ya namna hii, karibu kila mara inamaliza mkiani?

Swali hilo limetusumbua msimu huu hapa Arusha. Tuna kikundi cha watu tunaoendesha timu za futiboli ya Marekani kwenye kompyuta, wengine wako Sakina, wengine Njiro, wengine Kaloleni, na safari hii tulimpokea chalii mmoja wa Ngarenaro mwenye timu mpya kabisa. Wiki ya kwanza akachapwa, ya pili akachapwa, ya tatu vilevile, ndipo akanijia: "Kaka, hii programu ina kisirani na mimi." Mimi ndiye kamishna wa ligi, ndiye ninayebonyeza mechi zichezwe, na nilimjibu kwamba programu haina ugomvi naye. Vipigo vyake vilianza siku ile tulipomgawia wachezaji.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: futiboli ya Marekani ni ule mpira wenye umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, na timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Mchezaji anayepokea mpira na kuurusha anaitwa kwotabeki. Mbele yake wanasimama watu watano wenye miili mikubwa, kazi yao kubwa ni kuwazuia maadui wasimfikie. Kwenye ligi yetu kila mtu ni mmiliki, kocha na meneja wa timu yake. Anasajili, anapanga kikosi, anachagua mbinu, kisha kompyuta inacheza mechi zote na kutupa matokeo.

Sisi huku tumezoea timu mpya kwenye ligi iwe ni ile iliyopanda daraja. JKT Oljoro ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2011/12, na uwanja wetu wa Sheikh Amri Abeid ukawa na mechi za Ligi Kuu, haikukusanywa usiku mmoja. Ilikuwa kikosi kilichokwisha kucheza pamoja, kikashinda huko chini ndipo kikapanda. Marekani hakuna kupanda wala kushuka. Timu mpya inazaliwa kwa wamiliki wa timu zilizopo kukubali kuongeza mmoja, na mwenye timu analipa ada ya kuingia. Tampa Bay na Seattle walilipa dola milioni 16 kila mmoja kuingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, mwaka 1976. Houston walilipa dola milioni 700 kwa timu iliyoanza kucheza 2002. Ukishalipa, una jina, rangi na uwanja, lakini huna hata mchezaji mmoja.

Wachezaji wa kwanza wanatoka kwa majirani. Kila timu ya zamani inafungia wale inaotaka kubaki nao, na waliobaki ndio wanaowekwa mezani. Ni kama kufika soko la Kilombero saa tisa alasiri kutafuta shati la mtumba: mashati yapo, tena mengi, ila wenye jicho walipita alfajiri. Mwaka 1976 Tampa Bay Buccaneers na Seattle Seahawks walipata wachezaji 39 kila mmoja kwa njia hiyo. Seattle walishinda mechi 2 kati ya 14. Tampa Bay hawakushinda hata moja, wakaendelea kupoteza msimu uliofuata mpaka vikafika vipigo 26 mfululizo, na ushindi wao wa kwanza kabisa ulikuja Desemba 1977 dhidi ya New Orleans Saints. Hata Dallas Cowboys, ambao leo jina lao linajulikana dunia nzima, mwaka wao wa kwanza, 1960, walipoteza mechi 11 na kutoka sare moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Houston Texans, kwa sababu ndani yake unaona kila kitu kinachomtesa chalii wetu.

Timu 31 za NFL ziliweka majina matano matano mezani, na Houston wakachukua wachezaji 19. Baadhi ya majina yalikuwa makubwa. Unaweza kujiuliza kwa nini timu imwachie nyota. Jibu ni kikomo cha mishahara, ambacho NFL ilikianzisha 1994: kila timu ina kiwango cha fedha ambacho haiwezi kukivuka, kwa hiyo mchezaji mzuri mwenye mkataba mnene anageuka mzigo, na timu mpya yenye daftari tupu inakuwa mahali pazuri pa kuutua. Wa kwanza kuchaguliwa na Houston alikuwa Tony Boselli wa Jacksonville Jaguars, mmoja wa walinzi bora wa kwotabeki wa kizazi chake, ambaye mwaka 2022 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Lakini alikuwa na bega bovu. Akastaafu bila kuichezea Houston mechi hata moja.

Sasa tazama kilichofuata. Kwotabeki wa Houston alikuwa kijana David Carr, aliyechaguliwa namba moja kati ya vijana wote waliotoka vyuoni mwaka huo, maana kila mwaka timu huwachagua vijana hao kwa zamu. Alitakiwa alindwe na Boselli. Boselli akiwa hayupo, Carr aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76 katika mechi 16, rekodi ya NFL.

Namba hiyo, 76, ndiyo njia rahisi ya kueleza jinsi kompyuta inavyofikiri. Programu za aina hii hazichezi mechi nzima kwa mkupuo. Zinacheza tukio moja moja. Tuseme ni jaribio la tatu, zimebaki yadi nane, kocha ameagiza mpira urushwe. Programu inachukua alama za ubora wa wale walinzi watano, inazilinganisha na za wanaowashambulia, na kupata uwezekano wa kwotabeki kuangushwa. Kisha inachomoa namba ya bahati kati ya 1 na 100. Kwa timu yenye walinzi wa kawaida, tuseme uwezekano ni asilimia 6: ikitoka namba 1 hadi 6, kwotabeki yuko chini. Ikitoka 7 na kuendelea, amepona, na programu inahamia swali lingine, kama mpokeaji amemwacha beki wake au la. Namba nyingine inachomolewa.

Kwa walinzi wabovu asilimia 6 inaweza kuwa 14. Tofauti ya 8 katika 100 haitishi ukiitazama mara moja. Ila mpira ukirushwa mara 35 kwenye mechi, yule wa kwanza anaangushwa mara 2 hivi, na huyu wa pili karibu mara 5. Gawanya zile 76 za Carr kwa mechi 16 uone: ni karibu 5 kwa mechi. Kila kuanguka kunapoteza yadi, jaribio linalofuata linakuwa gumu, mpira unarudi kwa adui mapema, mabeki wako, yaani wale wanaoingia adui akiwa na mpira, wanakaa uwanjani muda mrefu na kuchoka. Hapa ndipo wageni wengi wa gemu hizi wanapokosea hesabu. Wanadhani kikosi kilichopungukiwa kidogo kila mahali kitapoteza kidogo tu. Upungufu mdogo ukirudiwa kwenye kila tukio unazaa mwingine, na robo ya nne inakukuta umeachwa kwa pointi 20.

Jambo la pili ni benchi. Kikosi cha NFL kina wachezaji 53, na programu nzuri inachomoa namba za majeruhi pia. Timu ya zamani ikimpoteza mtu wiki ya 8, anaingia kijana waliyemlea miaka miwili. Timu mpya ikimpoteza wa kwanza wake, ambaye alikuwa wa pili kwingine, anaingia aliyekuwa wa nne. Nusu ya pili ya msimu huwa chungu kwa sababu hii, na chalii wetu alionja: kikosi kilichokuwa kinapoteza kwa pointi chache kikaanza kupoteza kwa nyingi bila yeye kubadili mbinu yoyote. Baadhi ya programu pia huweka kipimo cha kuzoeana, kinachopanda kadiri wachezaji walewale wanavyocheza pamoja. Timu iliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali inaanza ikiwa chini kabisa.

Bahati je? Ipo, na ina kiasi chake kinachohesabika. Chukua timu yenye nafasi ya kushinda mechi moja kati ya nne, katika msimu wa mechi 16. Wastani wake ni ushindi 4, ambao ndio walioupata Houston 2002, na Jacksonville kabla yao mwaka 1995. Lakini ukiucheza msimu huohuo mara 100 na kikosi kilekile, karibu mara 86 utapata ushindi kati ya 2 na 6. Mara 1 hivi hutashinda kabisa. Mara 2 au 3 utashinda nusu ya mechi au zaidi, na watu watakusifu kwamba wewe ni kocha mkali. Ndiyo raha ya ligi ya kompyuta, unaweza kurudia msimu pembeni na kuona ulikuwa mbovu kiasi gani na ulikuwa na mkosi kiasi gani.

Kwa sababu hiyo namwomba kila mmiliki mpya aangalie tofauti ya pointi kabla ya idadi ya ushindi. Buccaneers wa 1976 walifunga pointi 125 wakafungwa 412. Hakuna bahati pale. Timu iliyofungwa zaidi ya mara tatu ya ilivyofunga ingeshukuru kupata hata ushindi mmoja.

Na bado mchezo huwa na siku zake. Houston hao hao walishinda mechi yao ya kwanza kabisa, 19 kwa 10, tena dhidi ya Dallas Cowboys, ndugu wakubwa wa jimbo hilohilo la Texas. Desemba mwaka huo wakaenda Pittsburgh, safu yao ya ushambuliaji ikapata yadi 47 tu mechi nzima, kiasi ambacho kwa kawaida ni aibu, na wakashinda 24 kwa 6. Mabeki walifunga mara tatu wenyewe, kwa kumpokonya adui mpira. Mara mbili kati ya hizo mfungaji alikuwa Aaron Glenn, mmoja wa wale 19 waliookotwa mezani, aliyeachwa na New York Jets. Yaani mezani hakukuwa na mabaki matupu.

Ushahidi kwamba sheria za ugawaji ndizo zinazoamua, kuliko upya wa timu, uko wazi. Mwaka 1995 Carolina Panthers na Jacksonville waliingia wakati wachezaji walikuwa wamepata uhuru wa kuhama mkataba ukiisha, na walipewa nafasi za ziada za kuchagua vijana. Carolina walipoteza mechi 5 za mwanzo, kisha wakamaliza na ushindi 7. Msimu wa pili timu zote mbili zilifika nusu fainali ya ligi nzima. Kwenye hoki ya barafu, Vegas Golden Knights walipoingia 2017 timu za zamani ziliruhusiwa kulinda wachezaji 11 tu, au 9 kwa mpango mwingine, na Vegas wakafika fainali msimu wao wa kwanza. Walifungwa na Washington Capitals, lakini walifika.

Ligi yetu ilipiga kura kila timu ilinde wachezaji wengi, na nimewaambia wenzangu waziwazi kwamba tukiongeza timu nyingine sheria hiyo ibadilike. Timu mpya ikichapwa misimu mitatu mfululizo mwenye timu anaacha kufungua programu, na timu isiyo na mtu inawaharibia ligi wote, hata bingwa. Napendekeza ulinzi upungue na mgeni apewe nafasi mbili za mwanzo za kuchagua vijana badala ya moja.

Kwa sasa chalii ana nafasi moja ya mwanzo ya kuchagua vijana, ila ni namba moja, na kikomo chake cha mishahara bado kina nafasi kubwa. Anamtaka kwotabeki, kila mtu anamtaka kwotabeki. Mimi nimemshauri auze nafasi hiyo kwa timu yenye haraka, achukue nafasi mbili au tatu za chini yake, na mbili kati ya hizo aweke walinzi wa mbele. Nimemtumia hesabu za Carr za mwaka 2002 azipitie mwenyewe. Amesema atanijibu kabla ya Jumapili saa mbili usiku, orodha inapofungwa.