Dume Kahasiwa, Mbona Bado Anapanda?

Simu ninayopigiwa mara nyingi baada ya kuhasi mbwa haihusu kidonda. Wiki moja au mbili zimepita, nyuzi zimeshika vizuri, halafu mwenye mbwa anapiga kutoka Uyole au Iyunga: "Daktari, una uhakika? Jana usiku karuka ukuta, asubuhi tumemkuta amenasana na jike la jirani." Uhakika ninao. Korodani zote mbili zimetoka na mwenye mbwa alionyeshwa. Kinachotusumbua ni kwamba tabia ya kupanda haikai kwenye korodani peke yake.

Testosteroni, homoni inayomfanya dume atafute jike, hushuka ndani ya saa chache tu baada ya korodani kuondolewa. Ubongo hauna haraka hiyo. Ulitengenezwa kuwa ubongo wa dume tangu mbwa akiwa mchanga, na baadaye ukajifunza: nyumba ipi ina jike, ukuta upi ni mfupi, harufu ile inaishia wapi. Homoni ikiondoka, hamu hupungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na mazoea hubaki nyuma. Kingine ambacho wengi hawakijui ni mbegu. Zile zilizokwisha kutengenezwa bado zimo kwenye mirija, kwa hiyo dume aliyehasiwa juzi anaweza kumpa jike mimba. Mimi nasema wiki sita asikutane na jike ambaye hajahasiwa. Ukimwachia kabla, usishangae watoto wakizaliwa.

Uzoefu wa nyuma una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1958 watafiti wawili wa Marekani, Jay Rosenblatt na Lester Aronson, walichapisha kazi yao juu ya paka madume. Waliokuwa wamepanda majike kabla ya kuhasiwa waliendelea kupanda kwa muda baada ya hapo, wengine kwa muda mrefu, ilhali wale ambao hawakuwahi kumjua jike walikuwa na hamu ndogo mno. Ndivyo ninavyoona hapa kila siku. Dume aliyeletwa akiwa na miezi sita au saba huwa hajaanza kabisa. Aliyeletwa na miaka minne, baada ya mwenyewe kuchoka kugombana na majirani, hubadilika, lakini taratibu.

Tena tabia hazipungui zote kwa kiwango kimoja. Benjamin Hart na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1976 juu ya mbwa waliohasiwa wakiwa wamekwisha komaa, waliona kuzurura kumepungua kwa mbwa tisa kati ya kumi. Kupanda kulipungua kwa theluthi mbili hivi ya mbwa hao, na kukojolea kila kona kwa nusu yao tu. Kuzurura kunaongoza kwa sababu kunasukumwa moja kwa moja na harufu ya jike. Kupanda kuna sababu nyingine pia: mbwa hupanda akichangamka, akicheza, hata akiwa na wasiwasi wageni wakiingia. Watoto wa mbwa wanapandana kabla hawajabalehe, na majike nao hupanda. Kwa hiyo anayepanda mguu wa mgeni sebuleni hadai jike. Mwite, mpe kazi nyingine, mtembeze zaidi. Kisu hakitibu hilo.

Wanaume wengi wa hapa Mbeya wanakataa kuhasi kwa hofu moja: mbwa atapoa, hatalinda. Naelewa inakotoka. Bondeni Usangu watu wamezoea maksai, dume la ng'ombe linalohasiwa ili livute plau bila fujo. Lakini maksai hatulizwi na burdizo, lile koleo la kuhasia, pekee, hufundishwa nira kwa muda mrefu. Mbwa analinda kwa sababu ni kwake na hao ni watu wake, na hayo hayatoki kwenye korodani. Anayeshindwa kulinda ni yule aliyefuata jike siku tatu, akarudi amechanwa masikio. Wapo pia mbwa wanaouma kwa woga. Hao siwahasi kwa matumaini ya kuwatuliza, maana woga hautibiki hivyo na kwa baadhi yao huweza kuzidi.

Huko barabarani wanachokutana nacho ndicho kinachonifanya nisisitize. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wakipandana, seli za uvimbe wenyewe zikihamia kwa mwenzake. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni matone ya damu yasiyoisha. Unatibika kwa dawa ya sindano, ila ni wiki kadhaa za matibabu na gharama. Mapigano ya kugombea jike nayo ni njia rahisi ya kichaa cha mbwa kupita. Kuhasi hakuchukui nafasi ya chanjo. Fanya vyote viwili.

Kwa majike watu huniambia, "Daktari, mfunge kizazi," wakifikiria anavyofungwa mirija mwanamke. Nikifunga mirija tu hatazaa, lakini ovari zitaendelea kutoa homoni, ataingia kwenye joto na madume yatalala getini kama kawaida. Ndiyo maana tunaondoa ovari, na mara nyingi kizazi pia. Mbwa jike aliye kwenye joto simpasui bila dharura, kwa kuwa mishipa ya damu imejaa. Nasubiri miezi miwili au mitatu.

Paka jike ndiye mwenye maajabu yake. Yai lake hutoka baada ya kupandwa. Asipopandwa, joto humrudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi za baridi siku fupi humpumzisha. Sisi tuko kama nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haufupiki vya kutosha hata Juni yenye baridi kali, basi analia mwaka mzima. Mimba yake ni kama siku 65, na anaweza kupata nyingine wakati bado ananyonyesha.

Paka dume ana vijimiba vidogo kwenye uume vinavyotegemea testosteroni. Wiki sita hivi baada ya kuhasiwa vinakuwa vimetoweka. Nikiletewa dume wa kuokotwa asiyeonekana korodani, hapo ndipo ninapotazama: vijimiba vikiwepo, kuna korodani imejificha ndani.

Baada ya kuhasi, punguza chakula kidogo, hata kama ni ugali na dagaa, maana mahitaji ya mwili hushuka huku njaa ikipanda. Na paka jike aliyeondolewa ovari akianza tena kulia na kubinua kiuno, huenda kuna kipande cha ovari kimebaki. Mlete akiwa bado analia, usingoje anyamaze: wakati huo ndipo kipande hicho kinapoonekana kwa urahisi.