Faiba haikaushi mbao yenye maji
Kuanzia Mikindani hadi Kilwa, wengi huamini kuwa sitaha ya boti iliyoanza kulowa ikifunikwa kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na rezini ya poliesta (kimiminika cha plastiki kinachoganda), tatizo limekwisha. Inaeleweka: ganda likikauka hung'aa, na ukiligonga ni gumu kama jiwe. Lakini rezini hiyo haishiki vizuri mbao yenye unyevu. Maji yaliyofungiwa hayana pa kutokea, faiba huachia, na mbao huendelea kuoza chini kwa chini. Kuzidisha kigumishi, dawa inayogandisha rezini, hakusaidii.

Jipimie mwenyewe. Bandika kipande cha nailoni juu ya mbao, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, usipake bado. Faiba ya zamani igonge kwa mpini wa bisibisi: ikilia kama debe tupu, imeachia.