PoE: jinsi kamera inavyopata stima kupitia kebo ya mtandao

PoE (Power over Ethernet) ni njia ya kupitisha umeme na data ndani ya kebo moja ya mtandao. Kamera ya CCTV iliyofungwa juu ya geti la ploti Umoja au Kasarani, Nairobi, haihitaji soketi karibu nayo. Kebo inayotoka kwenye swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha vifaa kwa kebo), au kwenye rekoda yenye milango ya PoE, yaani matundu ya kuchomeka kebo hizo, huipa stima na papo hapo hurudisha picha.

Swichi haitumi umeme kwa pupa. Kwanza hupima kwa volti chache kama kifaa cha upande wa pili kinapokea PoE, kisha ndipo hutoa takribani volti 48. Kwa hiyo kompyuta ikichomekwa hapo haiungui. Kiwango rasmi cha PoE kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwenye swichi, lakini kamera huhakikishiwa 12.95 tu, maana nyingine hupotea njiani kwa kuwa joto. Kamera kubwa za kuzunguka huhitaji 802.3at ya 2009, yenye wati 30.

Upotevu huo wa njiani ndio unaofanya kebo iwe muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Madukani Luthuli Avenue unaweza kuuziwa kebo iliyoandikwa Cat6, daraja mojawapo la kebo za mtandao, kwa bei ya chini sana, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba. Mchana kamera hufanya kazi vizuri. Giza likiingia huwasha taa zake za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, matumizi yanapanda, volti zinashuka, nayo inazima na kuwaka tena usiku kucha, saa zile hasa ulizoinunulia. Halafu kamera ndiyo hulaumiwa! Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini hung'aa nyeupe.

Kebo isizidi mita 100 toka swichi hadi kamera. Ya nje iwe na ganda la kuhimili jua.

Stima ya mtaa ikipotea, UPS moja, yaani betri ya akiba, kwenye swichi na rekoda inatosha kuziweka kamera zote macho. Ila soma jumla ya wati za swichi kabla ya kununua: yenye milango minane ya PoE na wati 60 kwa jumla haiwezi kulisha kamera nane za wati 12.