Lupango (kiwanja) Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kujenga au kununua nyumba ya kupangisha Lubumbashi ni jambo la maana. Mji unazidi kupanuka kuelekea Annexe, komuni ya pembezoni, kodi hutajwa kwa dola, na akiba iliyo kwenye matofali haiyeyuki kama faranga iliyofichwa chini ya godoro. Nawahimiza ndugu zangu waanze. Ila kuna maneno yanayorudiwa kila mahali, na yamewaumiza wengi.

Baya kuliko yote ni hili: "Nimenunua lupango, udongo ni wangu." Tangu sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya serikali na hauuzwi. Unachopata ni haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki isiyo na mwisho. Mgeni hupewa ya miaka isiyozidi 25, kisha anaomba upya. Kinachothibitisha haki hiyo ni setifika, yaani cheti cha usajili, kutoka kwa konservatere, ofisa wa serikali anayetunza hati za ardhi. Karatasi ya muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa shefu wa kartye (mtaa) havitoshi.

Mjomba wangu alijenga Kampemba kwa karatasi za namna hiyo. Ukuta ulipofika kwenye lenta, akatokea mtu mwenye setifika. Matofali, simenti na akiba ya miaka minne vikaenda. Kwa hiyo kabla hujatoa hata dola moja, nenda mwenyewe kwa konservatere, uulize lupango lile limeandikwa kwa jina la nani. Usimtume muuzaji akuulizie. Benki nayo huitaka setifika hiyo hiyo ukitaka kuweka nyumba rehani.

Neno lingine: "Mradi shaba ya migodi ipo, wapangaji hawakosekani." Mwaka 2008 bei ya tani ya shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 hadi chini ya 3,000 katika miezi michache, na kampuni nyingi za Katanga zikafunga. Mwenye vila moja aliyemtegemea bosi wa mgodi hubaki na geti tupu. Vyumba vinne vya kupangisha mtaani Katuba huleta kidogo kidogo, lakini mmoja akihama, watatu bado wanalipa. Mimi ningechagua vyumba.

Garanti nayo, pesa ya dhamana anayotoa mpangaji akiingia: wenye nyumba wengi hudai miezi sita na zaidi wakidhani ni haki yao. Sheria ya 31 Desemba 2015 inaruhusu mitatu kwa nyumba ya kuishi, na pesa hiyo ni ya kumrudishia mpangaji siku anayohama. Usiijengee chumba kingine.