Zamu Uliyopotezea Mechi

Mchezaji akishindwa mechi ya Age of Sigmar, mchezo wa vita vya majeshi ya sanamu ndogo unaochezwa mezani kwa dadu, muulize ilikuwaje. Aghalabu atakutajia dadu: farasi wake walihitaji 7 kuvamia wakapata 5, au joka lake lilikosa kinga, yaani dadu ya kuokoka na jeraha, mara tatu mfululizo. Hasemi uongo, dadu ndivyo zilivyoanguka. Lakini kaa naye na karatasi ya alama, mrudi nyuma raundi kwa raundi, na mtakuta mechi ilishamponyoka kabla dadu zile hazijarushwa. Mara nyingi ilimponyoka katika zamu aliyoifurahia kuliko zote.

Hivi ndivyo ninavyopekua kipigo cha mashindano ya wikendi, yale ya mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, majeshi ya pointi 2,000 (pointi ni bei ya kila kikosi), raundi tano kwa mechi, na katika kila raundi kila mchezaji ana zamu moja. Mifano nimeitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Anayecheza Kings of War au The Old World, michezo ya aina hiyo hiyo, atakuta mengi yanamhusu pia, isipokuwa suala la zamu mbili mfululizo.

Anza na karatasi ya alama

Andika alama za kila raundi, zako na za mpinzani, na pembeni maneno matano tu kuhusu vikosi vilivyosogea. Usijaribu kuandika zaidi, saa haitakuruhusu. Tuseme karatasi inasema hivi: raundi ya 1, 6 kwa 6, ya 2, 10 kwa 8, ya 3, 4 kwa 10, ya 4, 4 kwa 10, ya 5, 2 kwa 10. Jumla 26 kwa 44.

Macho hukimbilia raundi ya 3, kwa sababu hapo ndipo alama zilipoporomoka. Mimi huanzia ya 2. Zile alama 10 zilipatikanaje? Pembeni kumeandikwa: farasi kituo cha mbali, mikuki katikati, mchawi nyuma. Kituo ni sehemu ya meza inayoleta alama ukiishikilia. Maana yake farasi walikimbia hadi kituo cha mpinzani, askari wa mikuki wakaacha kituo cha nyumbani wakaingia katikati ya meza, na mchawi akabaki peke yake. Kila kikosi kilitembea inchi zake zote. Hakuna kilichobaki nyuma cha kuziba pengo. Jeshi lilichukua kila alama iliyokuwepo mezani, na likatumia kila kitu lililokuwa nacho kuzichukua.

Sasa fikiria zamu hiyo hiyo ikiwa ya alama 7: mikuki inabaki nyumbani, farasi wanasimama nyuma ya magofu, kituo cha mbali kinaachwa. Alama 7 kuanzia raundi ya 2 hadi ya 5 ni 28, ongeza 6 za mwanzo unapata 34. Ni 8 zaidi ya ile 26. Halafu mpinzani naye hazipati 10 zake kirahisi, maana sasa analazimika kuja kuking'oa kikosi kilichojikita.

Zamu mbili mfululizo

Katika Age of Sigmar mpangilio wa zamu haujafungwa. Kuanzia raundi ya 2, wachezaji wote wawili hurusha dadu moja moja, na aliyepata zaidi huamua nani aanze. Wakilingana, uamuzi ni wa yule aliyeanza raundi iliyopita. Kwa hiyo aliyecheza wa pili anaweza kuanza raundi inayofuata na kupata zamu mbili bila wewe kugusa kitu.

Hesabu yake ni fupi. Dadu mbili zina matokeo 36. Katika 15 unashinda wewe, katika 15 anashinda yeye, na 6 ni sare. Kama ulianza raundi iliyopita, sare ni zako, hivyo unaamua mara 21 kati ya 36, sawa na asilimia 58. Mpinzani anabaki na 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Hiyo 42 ndiyo hatari uliyoibeba ulipoanza raundi ya 2 na kupeleka farasi kituo cha mbali. Mtu anayesema "nilipata bahati mbaya, akapata zamu mbili" anazungumzia jambo linalotokea mara mbili kati ya tano. Kwangu hiyo ni hali ya hewa, si bahati mbaya. Unapangia jeshi lako kama unavyopangia mvua.

Swali la kujiuliza kabla ya kusogeza chochote katika zamu ya kwanza ya raundi ni hili: akinipiga mara mbili mfululizo, nani atakuwa bado amesimama kwenye kituo? Ukikosa jina la kikosi, rudi nyuma. Kumbuka pia kwamba mapigano ya karibu hufanyika katika zamu ya kila mchezaji, kwa hiyo kikosi kilichokwisha kukamatana na adui hupigana katika zamu zote mbili za mpinzani. Kile kilichosimama inchi 20 mbali huenda kikaguswa mara moja tu.

Toleo la nne la kanuni za mchezo, lililotoka 2024, lilimwekea gharama anayechukua zamu mbili: katika zamu hiyo ya pili hachagui mbinu ya vita, yaani lengo dogo la zamu linaloleta alama, kwa hiyo anakosa alama zake. Wachezaji wengi huisahau gharama hiyo wanapolia. Ukiona mpinzani amechukua zamu mbili na bado akakuzidi kwa alama, basi vituo ulikuwa umeviacha wazi.

Na nani anaanza raundi ya 1? Anayemaliza kupanga jeshi lake kwanza ndiye huchagua. Jeshi lenye makundi machache (kundi ni vikosi kadhaa vinavyowekwa mezani pamoja) humaliza mapema, kwa hiyo uamuzi huo unafanyika ukiandika orodha ya jeshi, kabla hujafika ukumbini. Kama orodha yako ina makundi manne au matano, chukulia kwamba mara nyingi mpinzani ndiye atakayeamua, na ufanye mazoezi ya kuanza na ya kufuata kwa usawa.

Dadu ni halali, mpango ndio uliokuwa mwembamba

Tuchukue shambulio la kawaida. Kikosi kina mashambulizi 20, yaani dadu 20, kinapiga kwa 4 au zaidi, kinajeruhi kwa 3 au zaidi, adui ana kinga ya 4 lakini silaha inapenya kwa 1, kwa hiyo anaokoka kwa 5 au zaidi. Zidisha: 20 mara nusu, mara theluthi mbili, mara theluthi mbili tena. Wastani ni majeraha 4.4. Adui amebakiwa na uhai wa majeraha 4. Kwenye karatasi anakufa.

Mezani hafi hivyo. Uwezekano wa kupata majeraha 3 au pungufu ni asilimia 32. Yaani karibu mara moja kati ya tatu, shambulio lenye wastani wa 4.4 linamwacha hai adui mwenye 4. Wastani unakwambia katikati pako wapi, haukwambii kitakachotokea leo. Ongeza mashambulizi yawe 30 kwa kuleta kikosi cha pili, na uwezekano wa kushindwa unashuka hadi kama asilimia 7. Hapo ndipo thamani ya kikosi cha akiba inapoonekana: kinaondoa ile theluthi inayoua mechi.

Kuvamia, yaani kumkimbilia adui ili kupigana naye, nako kuna hesabu yake ya jumla ya dadu mbili. Kupata 7 au zaidi ni asilimia 58, 8 ni 42, 9 ni 28. Ukiruhusiwa kurusha tena, 9 inapanda hadi 48, bado chini ya nusu. Halafu viunganishe: mpango unaohitaji uvamizi wa 7, majeraha 4 kutoka shambulio la juu, na mpinzani asipate zamu mbili, una 58 mara 68 mara 58 kwa asilimia, ambayo ni kama 23. Kila hatua peke yake inaonekana salama. Zikifuatana, mpango unashindwa zaidi ya mara tatu kati ya nne. Ukirudi kwenye mechi uliyoshindwa, hesabu hatua ngapi zilihitaji kufanikiwa kwa pamoja. Zikizidi mbili bila kikosi cha akiba, usizisingizie dadu.

Tundu nyuma ya pazia

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kupanga jeshi linahusu vikosi vinavyotokea ghafla mezani, viwe vimeshuka kutoka mawinguni au kuchomoza ardhini. Kanuni yao ya kawaida ni kusimama zaidi ya inchi 9 kutoka kwa kila adui. Dawa yake ni pazia: askari wa bei ya chini waliotandazwa ili pasibaki nafasi. Watu huweka sanamu mbili zikiwa zimeachana inchi 18, wakifikiri kila moja inalinda inchi 9 upande wake na kazi imekwisha.

Chukua tepu upime. Tuseme sanamu hizo ziko inchi 7 kutoka ukingo wa nyuma wa meza. Kwenye mstari unaoziunganisha, kweli hakuna pa kusimama. Lakini nenda katikati yao, kisha shuka moja kwa moja hadi ukingoni. Upo inchi 9 kwa upande na inchi 7 kwa kina, na mshazari wake ni inchi 11.4. Hapo kuna tundu, nyuma kabisa, kando ya kituo chako cha nyumbani na mchawi aliyebaki peke yake. Ili ukingo ufungwe kabisa kwa kina hicho cha inchi 7, sanamu zisiachane zaidi ya inchi 11. Ukisogeza pazia karibu na ukingo unaweza kulitanua, ukilisogeza mbele lazima ulibane. Kadiri pazia linavyokwenda mbele katika raundi ya 2, ndivyo mlango wa nyuma unavyofunguka, na hilo ndilo lililotokea mikuki ilipoondoka nyumbani.

Pima ukingo kwa ukingo wa vitako, vile vibao ambavyo sanamu husimamia, usipime kutoka katikati ya sanamu. Kitako cha milimita 32 ni inchi moja na robo, na kosa la nusu yake linatosha kumkaribisha mgeni. Ukimaliza kupanga, sema kwa sauti: "Nakusudia pasiwe na nafasi ya kushuka nyuma hapa. Unakubali, ndugu?" Akikubali, mmemaliza ubishi kabla haujaanza. Akikataa, atakuonyesha tundu lilipo ukiwa bado una nafasi ya kulirekebisha. Ni adabu nzuri ya mchezo huu, na napenda wachezaji wapya wafundishwe siku ya kwanza.

Saa

Mechi ya saa 2 na dakika 45 inaonekana ndefu. Toa dakika 15 za kusoma misheni, kueleza majeshi na kupanga, zinabaki 150, yaani 75 kwa kila mmoja, yaani 15 kwa zamu. Anayetumia dakika 25 katika kila moja ya zamu mbili za mwanzo amebakiwa na 25 za zamu tatu, na makosa ya raundi ya 4 mara nyingi ni ya haraka tu. Jeshi la sanamu nyingi lisogezwe juu ya trei. Dadu zihesabiwe tayari katika mafungu ya kumi, rangi moja. Kubalianeni mapema dadu iliyoegemea kitu inarushwa tena. Fikiri katika zamu ya mwenzako, wakati saa yake ndiyo inayokwenda.

Jumapili asubuhi

Mashindano mengi hupanga wachezaji kwa mfumo wa Uswisi: baada ya kila mechi unakutana na mtu mwenye matokeo kama yako. Kwa mechi tano, wachezaji 32 hutoa mmoja tu asiyeshindwa, endapo hakuna sare. Wengine wote 31 wamepoteza angalau mara moja, kwa hiyo kipigo cha Jumamosi hakikutoi mchezoni, kinakubadilishia mpinzani tu.

Kinachobaki ni jinsi waandaaji wanavyotenganisha waliolingana ushindi. Wengine hutazama alama za mechi, wengine ubora wa wapinzani uliokutana nao. Soma kanuni kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu zinabadilisha jinsi ya kucheza raundi mbili za mwisho za mechi iliyokwisha kukuponyoka. Kama alama zinahesabiwa, usitume farasi wa mwisho wakafe kwa ajili ya kisasi. Warudishe kwenye kituo cha nyumbani, nyuma ya kizuizi, na wakae hapo. Katika karatasi yetu ya mfano, raundi ya 5 ilileta alama 2. Farasi walionusurika raundi ya 3, wakirudishwa kwa wakati, wangeshika kituo hicho raundi ya 4 na ya 5, na 26 kwa 44 ingekuwa 30 kwa 40 au zaidi, jambo linaloweza kukupandisha nafasi kadhaa kwenye orodha ya Jumapili jioni.