Shamba kwanza, jina baadaye: kumfuata babu wa Norway kwenye vitabu vya kanisa

Ukitafuta "Ole Hansen" kwenye Digitalarkivet, tovuti ya bure ya nyaraka za taifa la Norway, utaletewa akina Ole wasiohesabika. Kabla ya sheria ya majina ya 1923, watu wengi wa vijijini hawakuwa na jina la ukoo. Hansen ni mtoto wa kiume wa Hans tu. Dada yake ni Hansdatter. Kilichomtofautisha mtu ni jina la shamba alilokaa, na akihama, nalo hubadilika. Kwa hiyo mimi hutafuta shamba na usharika kwanza.

Nenda kinyumenyume. Sensa ya 1910 ina tarehe za kuzaliwa. Ya 1865 ina umri na mahali pa kuzaliwa. Ukishapata usharika, fungua picha za kitabu chake. Angalia na mtaa, maana usharika mmoja ulikuwa na makanisa kadhaa.

Ubatizo ukikosekana, usihangaike: ruka hadi kipaimara (konfirmerte). Kilikuwa cha lazima tangu 1736, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 14 hadi 16. Kwenye fomu za karne ya 19 utakuta wazazi, makazi, mara nyingi tarehe ya kuzaliwa, hata chanjo ya ndui.

Kisha soma wasimamizi wa ubatizo (faddere), safu ambayo wengi huiruka. Huwa watano hivi, aghalabu ndugu wa wazazi, na mashamba yao huandikwa. Shamba moja likijirudia kwa kila mtoto, shuku kwamba mama alitoka huko. Desturi ya majina nayo inasaidia: mtoto wa kwanza wa kiume aghalabu alirithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Si sheria, ni dokezo.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kumchukua marehemu kuwa babu. Mtoto akifa, anayezaliwa baadaye hupewa jina lile lile. Basi kabla ya kushika ubatizo wowote, pitia waliozikwa (begravede) hadi umri wa kipaimara.

Tarehe nazo zina mitego. "7br" ni Septemba, si Julai, kwa kuwa septem ni saba kwa Kilatini; 8br ni Oktoba. Vitabu vya zamani huandika Jumapili ya kanisa: "Dom. 3 p. Trin." ni Jumapili ya tatu baada ya Utatu, yaani siku 77 baada ya Pasaka. Mwaka 1801 Pasaka iliangukia 5 Aprili, hivyo ubatizo huo ni wa 21 Juni.

Mwandiko wa mchungaji ukikushinda, tafuta klokkerbok, nakala ya karani wa kanisa. Tangu 1812 iliagizwa itunzwe chini ya paa lingine, kwa hofu ya moto. Hata pale vitabu vyote viwili vipo, vilinganishe: karani huenda ameandika shamba ambalo mchungaji aliliacha.